Mtoto anachanganya b na d, shuleni anaitwa mvivu: naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa kiume yuko darasa la nne, shule ya serikali hapa Dar. Ukimsimulia hadithi anaikamata yote, na hesabu za kichwa ananishinda. Shida ni maandishi. "Baba" anaandika "dada", na akisoma kwa sauti anaruka mstari bila kujua.

Juzi mwalimu aliandika zoezi la sayansi ubaoni. Mwanangu akiwa bado katikati, ubao ukafutwa. Akanakili la jirani, akakamatwa, akapigishwa magoti mbele ya darasa. Daftari limerudi na wino mwekundu: "Mvivu, hayuko makini." Sasa kila asubuhi tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi.

Mwalimu simlaumu sana, darasa limefurika. Lakini mtoto mvivu hafuti neno mpaka karatasi itoboke.

Nilichosoma kinaelekea kwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika ambao hauna uhusiano na akili ndogo. Najua Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Wazazi mliopitia hili, hapa Dar mtoto anapimwa wapi? Nianzie kwa afisa elimu maalumu au hospitali? Mwalimu mkuu nimwendee vipi asidhani nimekuja kumshtaki mwalimu wake? Na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne umekaribia: kuna aliyewahi kumwombea mtoto wa namna hii muda wa ziada, akakubaliwa?