Embe, malaria na mama mkwe: naomba ushauri

Ndugu zangu, ninaishi Kigogo, Dar es Salaam, karibu na bonde la Msimbazi, pamoja na mama mkwe ambaye amewakataza wajukuu wake kula embe kwa sababu kila msimu wa tunda hilo unapofika, malaria nayo huingia nyumbani. Nakiri kwamba macho yake hayamdanganyi, kwani mambo hayo mawili huandamana kweli. Hata hivyo, embe huiva wakati wa mvua za vuli, na mvua hizo ndizo huacha madimbwi ambamo mbu huzaliana. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu tangu mwaka 1897. Nilipomweleza hivyo jana, alisita kidogo, kisu kikiwa bado kwenye embe dodo lake mwenyewe (yeye anakula), akanijibu, "Mwanangu, mbu wapo mwaka mzima, embe hazipo." Hoja hiyo si ya kijinga, nami nikakosa la kusema. Nimefikiria watoto wale embe huku wakilala ndani ya chandarua, lakini wasipougua atasema ni bahati, na mmoja akiugua nitakuwa nimeshindwa kesi. Je, nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima?