Vita vya siku hizi ni vya mafuta kweli, au tunarahisisha mambo?

Mdadisi_K

Wakuu, habari zenu. Naomba tulichambue hili kwa ushahidi, si kwa ushabiki. Kila vita vikizuka kwenye nchi yenye visima, watu husema "wamefuata mafuta" na mjadala unafungwa hapo. Naamini mafuta yamo, lakini nikiichukua Iraq hesabu inagoma. Marekani iliivamia Machi 2003. Mwaka 2009 Iraq ikapiga mnada wa maeneo yake ya mafuta hadharani, na Rumaila, kubwa kuliko yote, likaenda kwa BP ya Uingereza pamoja na CNPC ya China, kwa ujira wa dola 2 kwa kila pipa la nyongeza. Mafuta yenyewe yalibaki mali ya Iraq. Eneo jingine, West Qurna-2, likachukuliwa na Lukoil ya Urusi. Sasa kama nia ilikuwa kubeba mafuta, mbona Marekani, iliyoongoza vita, siyo iliyobeba Rumaila?

ukweli_mchungu

Mkuu, usihukumu nia kwa matokeo. Mwizi akikuta kabati tupu bado alikuja kuiba. Aprili 2003 Baghdad ilipoanguka, makumbusho ya taifa yaliporwa, huku Wizara ya Mafuta ikilindwa na vifaru vya Marekani. Alan Greenspan, aliyeongoza benki kuu ya Marekani karibu miaka 20, aliandika mwaka 2007 kwamba vita vile kwa sehemu kubwa vilihusu mafuta. Na rudi Iran: waziri mkuu Mossadegh alitaifisha mafuta 1951, mwaka 1953 akapinduliwa kwa mkono wa CIA na Waingereza, na 1954 kampuni za Marekani zikapewa asilimia 40 ya mafuta ambayo awali hazikuwa na hisa hata moja. Hapo unataka ushahidi gani tena?

Baharia_Mstaafu

Ndugu Mdadisi, kazi yangu ilikuwa kwenye meli za mafuta ghafi, kwa hiyo nakujibu kutokea huko. Swali la "nani alibeba" linatupoteza. Mafuta yakishaingia melini yana hati, yana mnunuzi, yana bima, na mara nyingi huuzwa tena yakiwa bado njiani. Kinachopiganiwa zaidi ni yatapita wapi, kwa ruhusa ya nani, na nani analipwa yanapopita. Rais Carter alilisema wazi Januari 1980: nguvu yoyote ya nje ikijaribu kuitawala Ghuba ya Uajemi, Marekani itaizuia kwa njia yoyote, hata ya kijeshi. Hakusema visima ni vyake. Alisema njia isishikwe na mwingine.

Tazama vita vya Iran na Iraq, 1980 hadi 1988. Meli za biashara zaidi ya 400 zilishambuliwa. Je, mafuta yaliacha kutoka? Hapana. Iran iliwapunguzia wanunuzi bei ili kufidia bima, na ikawa inayahamisha mafuta kutoka kisiwa cha Kharg kwenda kusini, ambako ndege za Iraq zilifika kwa shida. Mwaka 1987 meli za Kuwait zilipandishwa bendera ya Marekani na kusindikizwa na manowari. China iliiuzia silaha Tehran, ikaiuzia na Baghdad.

Na hiyo bima ya vita watu hawaijui. London kuna kamati ya watu wa bima inayotangaza bahari ipi ni ya hatari. Eneo likishatajwa, mwenye meli hulipa nyongeza kwa kila safari, inayopigwa kwa thamani ya meli nzima, na nyongeza hiyo mwishowe inamfikia anayenunua mafuta. Sisi tulikuwa tunaulizwa kama tuko tayari kuingia, na tukiingia tunaongezewa mshahara kwa siku za humo. Wengi tulikubali, kwa kuwa nyumbani kuna watoto. Lakini unapotia sahihi karatasi ile unaelewa kwamba kuna mtu ofisini ameshaipigia bei hatari yako, na kwamba makombora yakiendelea kurushwa, biashara yake nayo inaendelea.

Mfano ninaoutoa siku zote ni Cabinda, jimbo la mafuta la Angola. Miaka ya 80 serikali ya Reagan, rais wa Marekani, iliwapa waasi wa UNITA silaha, yakiwemo makombora ya Stinger, waiangushe serikali ya chama cha MPLA. Serikali hiyohiyo ya MPLA ilikuwa inaishi kwa kodi na mrabaha wa Gulf Oil, kampuni ya Kimarekani ambayo katikati ya miaka hiyo ilimezwa na Chevron, ya Kimarekani pia. Waliolinda mitambo yake walikuwa wanajeshi wa Cuba. Mei 1985 makomando wa Afrika Kusini, waliokuwa upande mmoja na UNITA, waligunduliwa hukohuko Cabinda wakiwa njiani kwenda kuyalipua matangi ya mafuta ya Malongo. Yasome hayo polepole. Kodi ya Mmarekani inanunua silaha za upande mmoja, kampuni ya Mmarekani inajaza hazina ya upande wa pili, na Mcuba ndiye mlinzi wa lango. Baadaye, misaada ya nje ilipokauka, UNITA ikaendesha vita kwa almasi, hadi Umoja wa Mataifa ukaziwekea vikwazo mwaka 1998. Mafuta na almasi havikuanzisha vita vile. Vilianza kwa ugomvi wa vyama na wakubwa waliovisukuma. Ila bila fedha hiyo visingefika 2002.

Asha_wa_Hoja

Mzee wangu Baharia, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Kufaidika na vita si sawa na kuvianzisha, na wengi humu wanavichanganya. Libya 2011: Eni, Total na BP zote zilikuwa na mikataba na Gaddafi tayari. Kampuni inapenda utulivu na sahihi inayoheshimiwa, haipendi mabomu karibu na mabomba yake. Afghanistan nako hakukuwa na mafuta ya kugombea, na bado vita vilikwenda miaka 20. Waliovuna kule ni wakandarasi wa chakula, malori, ulinzi na ujenzi, ambao kuna nyakati walikuwa wengi kuliko askari wa Marekani wenyewe.

Mdadisi_K

Asha, kwa hiyo nisitafute faida kwenye kisima, niitafute kwenye zabuni? Maana KBR, tawi la Halliburton, ilipewa kazi ya kutengeneza visima vya Iraq mwaka 2003 bila ushindani, na Cheney, makamu wa rais, ndiye aliyekuwa ameiongoza Halliburton hadi 2000.

Asha_wa_Hoja

Itafute kote. Ila ukishaipata, usiseme umepata chanzo.

Baharia_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo sina ubishi nawe. Hoja yangu ni kwamba chanzo kikishapita, faida ndiyo inayojibu kwa nini hakuna mwenye haraka ya kuvizima. Matumizi ya kijeshi ya dunia kwa mwaka 2024, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, yalizidi dola trilioni 2.7. Fedha hiyo ni mshahara na gawio la watu fulani.

Na faida haiendi kwa wazungu peke yao, tusijidanganye. Sudan Kusini ilipojitenga 2011 iliondoka na sehemu kubwa ya visima, lakini bomba linapita kaskazini hadi Port Sudan. Khartoum ikadai hadi dola 36 kwa pipa. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe, na Aprili majeshi yakapigana Heglig, eneo la mafuta la mpakani. Hapakuwa na mgeni aliyekuja kubeba kitu. Waligombea nauli ya bomba. Vita vya Sudan vya 2023 vilipoanza, bomba lilelile likawa linapita katikati ya mapigano. Februari 2024 likapasuka, na watumishi wa serikali kule Juba wakakaa miezi bila mshahara.