Mjadala: Nora Charles ni mpelelezi, au ni msindikizaji wa mumewe?

Mleta mada

Wanajamvi, naomba tujadili jambo ambalo wapenzi wa filamu za zamani za Hollywood hulipitia juu juu. Tangu studio ya MGM ilipotoa The Thin Man mwaka 1934, Nick na Nora Charles, walioigizwa na William Powell na Myrna Loy, wamekuwa wakitajwa kama mfano bora wa mke na mume wanaopeleleza bega kwa bega, na filamu tano zilizofuata hadi mwaka 1947 ziliukuza umaarufu huo. Juzi nimeitazama upya ile ya kwanza nikiwa na kalamu mkononi, nikiandika kila hatua ya uchunguzi na jina la aliyeipiga. Upande wa Nora ulibaki mtupu.

Kwa asiyeiona: Nick ni mpelelezi aliyeacha kazi baada ya kumwoa binti tajiri wa California. Wamefika New York kwa sikukuu ya Krismasi, mvumbuzi mmoja ametoweka, katibu wake ameuawa, na mji mzima unamtaka Nick arudi kazini. (Huyo mvumbuzi ndiye mtu mwembamba wa kwenye jina la filamu, si Nick, ingawa studio yenyewe iliendelea kulibandika jina hilo kwenye filamu zote sita kana kwamba ni lake.)

Sasa tazameni. Nora anapotaka kufuatana na mumewe, Nick anamtia kwenye teksi na kumwamuru dereva ampeleke kwenye kaburi la Jenerali Grant, mahali pa kutembelea watalii mjini humo. Jambazi aitwaye Morelli anapoingia chumbani kwao hotelini na bastola, Nick anampiga ngumi mkewe ili aanguke asipatwe na risasi, na Nora anazinduka mambo yakiwa yamekwisha. Usiku wa kwenda kuikagua karakana ya mvumbuzi, anayefuatana na Nick ni Asta, mbwa wao, na ni Asta huyo huyo anayenusanusa sakafu mahali palipofukiwa maiti. Kwa hesabu yangu, mbwa ameufaa uchunguzi ule kuliko mke. Je, tunayo haki ya kuendelea kuwaita wapelelezi wawili?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu yako sina ubishi nayo, ila nadhani umehesabu kitu ambacho watengenezaji wenyewe hawakukipa uzito. Mwongozaji W. S. Van Dyke alitaka mauaji yawe kisingizio tu na mazungumzo ya wanandoa yawe ndiyo filamu, na kazi hiyo akawapa Frances Goodrich na Albert Hackett, waandishi ambao wao wenyewe walikuwa mke na mume. Kwa hiyo ukimtafuta Nora kwenye alama za vidole na risasi hutamwona, kwa kuwa hakuwekwa huko.

Mtafute baa. Anaingia akivutwa na Asta, mikono imejaa vifurushi vya Krismasi, anaanguka kifudifudi mbele ya watu wote, anainuka, anajiweka sawa, anakaa. Anamwuliza mumewe amekunywa martini ngapi. Nick anasema hii ni ya sita. Nora anamgeukia mhudumu na kuagiza tano nyingine, azipange mezani kwa mstari mmoja mbele yake. Hamkemei, hamlilii, wala hamwambii twende nyumbani. Anataka tu wawe sawa kwa sawa. Kumbukeni pia kwamba marufuku ya pombe nchini Marekani ilikuwa imeondolewa Desemba 1933, kwa hiyo watazamaji wa 1934 walikuwa wakiitazama meza ile kwa raha ya watu waliotoka kufungua mfungo.

Tena, bila Nora hakuna kesi. Nick haitaki. Anasema kwa mzaha kwamba ana shughuli nyingi za kulinda mali aliyomwolea mkewe. Ni Nora anayechokonoa, anayesoma magazeti, anayetamani kuona mumewe akifanya kazi ambayo yeye ameisikia tu kwa hadithi. Na kuhusu usiku ule wa karakana, umeacha kitu. Kabla Nick hajatoka, Nora anamwambia ajitunze, Nick anamtania kwamba kumbe anajali, naye anajibu kwamba hajali, ila amemzoea tu. Mimi ni mtu mzima niliyeoa miaka mingi, na sijasikia tamko la mapenzi lililo kweli kuliko hilo.

Mchangiaji wa pili

Nitaongeza jambo moja. Mke mwenye hamu ya kupeleleza yupo, lakini ni katika filamu nyingine: The Ex-Mrs. Bradford ya mwaka 1936, ambamo Powell huyo huyo ni daktari na Jean Arthur ni mwandishi wa riwaya za mauaji anayemburuta kwenye kisa cha kifo cha mpanda farasi wa mashindano. Ila angalieni jina lenyewe, yaani "aliyekuwa Bi. Bradford": wameshaachana. MGM nayo ilijaribu wauza vitabu adimu, Joel na Garda Sloane, katika filamu tatu za 1938 na 1939, kila filamu ikiwa na mume mwingine na mke mwingine. Hakuna anayewakumbuka.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Suala la baa nalikubali, na kwa kweli nimelitazama mara nne tangu jana. Lakini hapo hapo ndipo shaka yangu inapokaza. Ikiwa usawa wa Nora ulikuwa kwenye glasi na kwenye maneno tu, basi ulitegemea vitu ambavyo studio ingeweza kuvinyang'anya wakati wowote, na ilivinyang'anya. Kanuni za maadili za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali Julai 1934, wiki chache tu baada ya filamu ya kwanza kutoka. Ile ya pili, ya 1936, inamalizika Nora akifuma soksi ya mtoto. Mwaka 1939 mtoto ameshazaliwa, na baada ya hapo Goodrich na Hackett hawakuandika tena mfululizo huu. Kufikia The Thin Man Goes Home ya 1945, wakati wa vita, Nick anakunywa maji ya tufaha nyumbani kwa wazazi wake, na kwa kuwa Nora amewaambia waandishi wa habari kwamba mumewe yuko kazini, Nick anamlaza magotini na kumchapa kwa gazeti kama mtoto. Loy ni yule yule, na Powell ni yule yule. Laiti angepewa tangu mwanzo hata dalili moja ya kuigundua yeye mwenyewe, asingekuwa mwepesi hivyo kugeuzwa mama wa nyumbani wa kuchekwa. Aliyepewa ucheshi bila kazi, ucheshi ukiisha anabaki na nini?

Mchangiaji wa kwanza

La gazeti linaniuma, sitalitetea. Ila unamhukumu Nora wa 1934 kwa makosa ya waandishi waliokuja kumkuta. Na kwa kuwa ulianza na teksi, ungeimalizia safari yenyewe. Baadaye Nick anamwuliza alionaje kaburi la Grant. Nora anajibu, bila hata kupandisha sauti, kwamba ni zuri sana, na kwamba ameagiza atengenezewe Nick la kufanana nalo.