Bibi ananyamaza nikitoa simu. Nimrekodi vipi?

Mjukuu_wa_Ngamiani

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kurekodi wazee wake.

Bibi mzaa mama anaishi nasi hapa Ngamiani, Tanga. Kwao ni Muheza, Mbondei. Marehemu babu alikuja manamba kutoka Songea kukata mkonge, wakakutana huko huko shambani. Waliobaki wanaoyajua maisha yale kwenye ukoo wetu ni yeye peke yake: kambi, wanyapara, harusi iliyokataliwa na wazee wa upande wake, mpaka walivyohamia mjini. Akiwa anasuka ukili wake anasimulia hadi watu wanasahau chakula. Nikitoa simu tu, anakaa wima, anataja jina lake na kijiji alichozaliwa kama yuko mbele ya hakimu, halafu kimya.

Kuna na suala la mjomba. Bibi akitaja mwaka, mjomba anadakia, "Hapana mama, haikuwa hivyo." Bibi anamjibu, "Haya, semeni nyie mliosoma," na siku hiyo ndiyo imekwisha. Siwezi kumwambia mjomba wangu anyamaze.

Halafu lipo jambo la zamani sana kuhusu mama yake bibi yake, alikotoka. Alinidokeza mara moja, akakata: "Hayo si ya watoto." Nimuulize tena au niache?

Nina simu ya kawaida tu. Bibi ana themanini na ushee, na masikio yameanza kupungua. Sitaki tuje kukaa msibani tunaulizana nani anakumbuka.

Ukili_Mwekundu

Mdogo wangu, mfikishie bibi shikamoo yangu. Dawa umeitaja mwenyewe: mrekodi akiwa anasuka. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka, na ukili hauna kelele kama kukuna nazi.

Ruhusa muombe siku nyingine kabisa, si dakika ile unayobonyeza. Mwambie unataka wajukuu waje kumsikia, na mwambie nani atasikiliza na nani hatasikiliza. Akikubali, siku ya kazi weka simu pembeni, kioo kikiangalia chini, uendelee kumsaidia kuchambua miyaa.

Usimwambie "nisimulie historia yako." Nani anaweza kujibu hilo? Muombe afungue sanduku la kanga. Kila kanga ina aliyeitoa, ina shughuli iliyovaliwa, na nyingine ina ugomvi wake, maana ilinunuliwa ili mtu fulani aisome. Mama yangu mkubwa tulimwonyesha kanga moja tu iliyochakaa, tukapata ndoa mbili, talaka moja na sababu ya shangazi wawili kutosalimiana. Picha za studio nazo zinasaidia, na taarabu za zamani za hapa kwetu. Mwekee Black Star au Lucky Star kidogo, halafu zima ndipo urekodi.

Na wewe ni mjukuu, bibi anakuita mume wake. Utumie utani huo. Yapo maswali ambayo mjomba hawezi kumuuliza mama yake hata afanyeje, wewe unayauliza kwa kicheko na unajibiwa.

Chap_Chap

Mkuu usijisumbue. Weka simu mfukoni, rekodi kimya kimya. Akijua ndiyo anaharibu.

Ukili_Mwekundu

@Chap_Chap hapana. Huyo ni bibi yake, si mtuhumiwa. Siku akijua alinaswa bila kuambiwa, hata yale ya jikoni atayafunga. Na sauti ya mfukoni ni mkwaruzo wa suruali tu.

Fundi_wa_Raskazone

Naongelea vyombo. Simu ya kawaida inatosha kabisa.

Weka hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya habari. Zima feni na redio. Barazani ni pazuri kwa maongezi lakini bodaboda zitakumaliza, bora chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, vinapunguza mwangwi. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Simu isikae juu ya meza tupu, ikunjie kanga chini yake, maikrofoni imwelekee bibi, umbali wa kama shubiri mbili. Rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize kwa spika za masikioni kabla hamjaanza.

Usitumie sauti za WhatsApp kurekodia, zinabanwa sana. Tumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe, na kama ina chaguo la WAV, yaani faili lisilobana sauti, chagua hilo. Saa moja ya WAV ya mkondo mmoja (mono) inakula kama MB 300, kwa hiyo safisha nafasi mapema. Mwanzoni kabisa wewe mwenyewe sema tarehe, mahali, na nani anaongea na nani.

Jioni ile ile hamisha. Nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski, moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la bibi na mada. "Rekodi mpya 14" baada ya miaka mitano haitakwambia kitu.

Masikio: kaa upande wa sikio zima, akuone mdomo, sema polepole kwa sauti nzito kidogo. Usipige kelele, utaharibu rekodi na utamuudhi.

Mzee_wa_Stesheni

Mjomba wako usimfukuze, mpe kazi. Mheshimu, mwambie, "Mjomba, naomba wewe uniandikie orodha ya miaka, mimi nitachukua maneno ya bibi, halafu tukae mimi na wewe tulinganishe." Mtu aliyepewa kalamu hadakii sana. Na mazungumzo yafanyike akiwa kazini.

Kuhusu miaka, watu wa umri wa bibi yako wengi hawakushika kalenda, walishika mambo. Muulize: siku ya Uhuru, 1961, alikuwa ameshavunja ungo? Ameolewa? Ana mtoto mgongoni? Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, walikuwa bado kambini au wameshahama? Hela ya kikoloni ilipoanza kubadilishwa kuwa shilingi yetu, 1966? Vita vya Kagera, 1978 na 1979, nani wa ukoo alikwenda? Coastal Union, timu yetu ya Tanga, walipochukua ubingwa wa soka 1988 mlikuwa mtaa gani? Ukishapata vigingi vinne vitano, hadithi zote zinajipanga zenyewe.

Na hata bibi akikosea mwaka, acha kama alivyosema. Sahihisho liandike pembeni. Mwaka utaupata kwingine, lakini namna alivyolia siku babu yako alipoandikishwa kambi nyingine, huipati popote.

Tafuta karatasi pia. Kipande cha mkonge, ile kadi ya siku 30 za kazi, risiti za kodi ya kichwa, kadi ya TANU. Zipige picha mbele na nyuma, halafu mshikishe bibi karatasi yenyewe, usimwonyeshe ya kwenye simu. Kama mna ndugu waliobatizwa Magila, kwenye misheni ya Waanglikana huko Muheza, vitabu vya kanisa vinaweza kuwapa tarehe.

Binti_Pangani

Nijibu lile la tatu, maana limenigusa.

Sijui la bibi yako ni lipi. Lakini huku pwani, kuanzia kwetu Pangani mpaka Bagamoyo, nyumba nyingi zikinyamaza juu ya mama wa bibi, mara nyingi ni utumwa. Watu wanaona ni mbali, kumbe sheria ya kuukomesha kabisa hapa Tanganyika ni ya 1922, Waingereza walipokwishaingia. Wajerumani waliuacha ukiendelea ndani ya majumba. Bibi yako amelelewa na watu walioishi na jambo hilo, na wapo majirani ambao mpaka leo wangelitumia kumtukana mtu kwenye harusi.

Kwa hiyo usimbane. Mwambie mara moja tu: "Bibi, lile ulilosema si la watoto, ukitaka kuliacha na mtu, mimi nipo, na nitafanya utakavyoniagiza." Basi. Akitaka azungumze bila simu, zima mbele yake aone. Akitaka lirekodiwe lakini lisisikilizwe mpaka afe, liwe faili la peke yake, na maagizo hayo ayaseme kwa sauti yake mwenyewe. Usiliweke kwenye kundi la familia. Vivyo hivyo habari za mashamba na mirathi, zikitoka zinaweza kufika barazani kwa kadhi kabla ya bibi hajamaliza sentensi.

Mjukuu_wa_Ngamiani

Ahsanteni sana, nimenakili yote. Mjomba nimemwomba orodha ya miaka, ameshaanza na amenunua daftari kabisa. Bibi amekubali, sharti lake shangazi wa Korogwe asisikie habari ya harusi.

Swali moja limebaki. Akipandwa na hisia anaingia Kibondei, na mimi nashika nusu tu. Nimrudishe kwenye Kiswahili?

Mzee_wa_Stesheni

Usimrudishe hata kidogo. Mwache aende. Kesho yake mchezee kipande hicho, akueleze neno kwa neno, na maelezo hayo nayo uyarekodi. Fanya mapema, wiki ile ile, yeye ndiye mfasiri wako na hamna mwingine nyumbani. Ukianza kuandika, jua saa moja ya sauti inakula siku nzima ya kazi, kwa hiyo kwanza tengeneza orodha ya dakika: dakika ya tano harusi, ya kumi na mbili nyapara, hivyo hivyo. Maandishi kamili yatafuata.