Naomba ushauri: vipandikizi kutoka krisanthemamu iliyoanza kuchanua

Wapenda maua wa Nairobi, nina krisanthemamu moja ya zambarau, na kila tawi lina matumba. Sitaki kuipoteza, kwa hiyo nataka kuotesha vipandikizi, yaani vipande vya shina vitoe mizizi.

Ugumu naujua. Mmea huu hutoa maua siku zikiwa fupi, na hapa karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Bila taa usiku, hata kipandikizi kichanga hukimbilia ua, nayo mizizi hukawia. Shina lililokomaa na kuwa gumu ndilo baya zaidi; mara nyingi huoza tu.

Kwa hiyo nitaacha matawi ya juu, nichukue machipukizi laini yanayotoka chini karibu na udongo, sentimita 5 hadi 8. Nitang'oa kila tumba, hata lile dogo kama kichwa cha pini, niondoe majani ya chini, nichovye kwenye unga wa homoni ya mizizi, kisha nipande kwenye mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi). Taa itawaka saa nne usiku hadi saa nane, kuvunja giza.

Nisaidieni hapa: machipukizi ni machache mno. Je, nikate mmea mama hadi sentimita 15 nisubiri uchipue chini ya taa, au ni hatari mmea ukiwa umechoka na maua? Balbu ya wati 9 niitundike kimo gani? Na baridi ya Julai, mnafunika kwa nailoni bila kuleta ukungu wa kijivu?