Kopo langu na kipimamvua cha jirani havipatani: kosa ni la chombo au ni la mvua?

Swali
Tangu msimu wa mvua uanze, ninapima mvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, ambalo hulisoma kila asubuhi kwa rula. Jana nilipata milimita 4, ilhali jirani aliye umbali wa kilomita moja hivi, mwenye kipimamvua cha dukani, alipata milimita 31. Utabiri nao ulitaja mvua kubwa kwa eneo zima. Je, kopo linanidanganya?

Jibu la 1
Si lazima. Kopo ambalo mdomo wake ni sawa na kitako hutoa kina sahihi, liwe pana au jembamba, kwa kuwa milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Mvua nyingi za alasiri katika tropiki hutokea jua linapoipasha ardhi joto, hewa yenye unyevu ikapanda na kujenga wingu refu la radi ambalo upana wake huweza kuwa kilomita chache tu, hivyo wewe ukapata rasharasha za ukingoni na jirani akamwagikiwa.

Jibu la 2
Hayo ni kweli, lakini kabla ya kuyasingizia mawingu ningekagua mahali kopo lilipo. Mti au ukuta unapaswa kuwa mbali nalo kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Someni wote saa ileile, kwa mfano saa 3 asubuhi, na siku kavu uandike sifuri. Wengi huacha nafasi tupu, kisha baadaye hawajui kama mvua haikunyesha au wao ndio waliosahau.

Jibu la 3
Andika pia saa ulipovuma ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, ambao ni hewa iliyopozwa na mvua yenyewe ikashuka kutoka winguni na kutawanyika. Ngurumo zikisikika, kaa ndani hadi dakika 30 zipite baada ya ile ya mwisho, kopo litasubiri.

Muulizaji
Nimekagua: kopo lilikuwa mita 3 tu kutoka kwenye mti wa mita 8 hivi. Nimelihamishia uwanjani, na baada ya mvua ya juzi nilisoma 12, jirani 14. Ile 4 sikuifuta, ila nimeandika kando yake: “karibu na mti”.