Maambukizi: lugha nyengine zinalielezaje jambo hili?

Mfasiri, Chake Chake
Assalaam alaykum. Ninafasiri kijikaratasi cha afya kitakachosomwa na akina mama vijijini, na nimekwama katika neno "maambukizi". Sentensi inasema kwamba mwenye maambukizi katika njia ya mkojo amalize dozi yake hata akijiona amepona. Shangazi yangu aliposomewa aliuliza papo hapo: "Kaambukizwa na nani?" Je, lugha nyengine nazo humtafuta aliyeleta maradhi, na sisi tunalo neno lisilomtafuta?

Mwanafunzi wa Kiarabu, Unguja Mjini
Waalaykum salaam, ndugu. "Adwa" ya Kiarabu haitakusaidia, kwani mzizi wake una maana ya kukimbia na kuvuka mpaka, na huyu "adui" tunayemtaja kila siku ametoka hukohuko. Lipo hata hivyo neno jengine, "iltihabu", linalotokana na "lahab", yaani mwako wa moto, ambalo kila mtoto wa chuoni amelisoma katika Surat al-Masad. Hilo hueleza yanayotokea mwilini, joto na wekundu, bila ya kumuuliza mtu katoka wapi. Kasoro yake ni kwamba viungo vinaweza kuvimba na kuwaka bila ya kijidudu chochote.

Muuguzi, Mkoani
Madaktari wa China, ambao wamekuwa wakija kutibu Zanzibar tangu 1964, husema "ganran", na hiyo "ran" ni kutia rangi. Kilatini nacho kilikuwa na "inficere", kuchovya kitu katika rangi, na baadaye kukichafua. Mimi picha hiyo naipenda, kwa sababu aliyewahi kuona ukindu ukitolewa katika sufuria ya rangi anajua kwamba rangi ikishaingia haitoki kwa kusuuzwa.

Shangazi yako kauliza swali la haki, lakini jibu lake ni kwamba hakuna aliyemwambukiza: vijidudu vya njia ya mkojo mara nyingi hutoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Pepopunda nayo huingia kwa jeraha lililopata udongo, na mgonjwa wake hampi mwenziwe. Wodini hatusemi kidonda kina maambukizi. Tunasema kimetunga usaha, au kimeingia vijidudu, na mgonjwa huelewa bila ya kumshuku mtu. Andika "vijidudu vimeingia katika njia ya mkojo".

Mwalimu wa Kiswahili, Wete
Naunga mkono. Wapo wanaotaka "maambukizi" yawe kule kuenea na "maambukizo" yawe maradhi yenyewe, lakini sijaona msomaji wa kawaida anayeyatenganisha, na yote mawili yametokana na "ambukiza", kitendo ambacho lazima kiwe na mtendaji. Ila kijikaratasi chako kikifika kwenye surua au kifua kikuu, "kuambukiza" usiliguse, kwa kuwa huko tunataka hasa msomaji aulize ni nani aliyekaa naye karibu.